Kaka, Lile Boksi Linalia

Tulikuwa watatu mbele ya televisheni: mimi, mke wangu, na kijana anayetusaidia kazi za nyumbani. Jumapili, saa mbili usiku. Watoto walikuwa wameshapelekwa kulala mapema kwa sababu wakubwa walikuwa na mazungumzo. Mausi ya DVR, ile mashine inayorekodi picha za kamera za ulinzi kwenye diski yake, ilikuwa mkononi mwangu, na kwa ufupi wa waya wake nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya kabati kama mtu anayepuliza jiko la mkaa.

Mtungi wa gesi wa akiba haukuwepo stoo. Ule mkubwa, wa kilo 15, tena umejaa.

Mchana wa siku hiyo, uani, nilikuwa nimeshasema: "Kamera zimeona kila kitu. Kama kuna mtu ana la kusema, aseme sasa hivi." Nilisema "mtu", na pale uani tulikuwa wawili tu.

Hakubisha. Hakuapa kwa jina la mama yake. Alifuta mikono kwenye kaptula, akaniangalia, akasema: "Basi sawa, kaka. Tuangalie."

Ndiyo tukawa tunaangalia.

Wenye mashine hizi mnaijua ile kalenda inayotokea pembeni ukitaka kutazama ya nyuma: siku yenye rekodi inapakwa rangi, isiyo na rekodi inabaki nyeupe. Julai yote ilikuwa nyeupe. Nikarudi Juni, nyeupe. Mei, nyeupe. Mke wangu akauliza kama nina uhakika nimefungua mahali penyewe. Nikatoka, nikaingia tena, nikafika Aprili. Nyeupe peepee.

Nikarudi kwenye picha za moja kwa moja. Zote nne zilikuwa zinacheza kama kawaida: geti, uani, ubavuni kwenye tenki la maji, kibarazani. Paka wa jirani alikuwa anatembea juu ya ukuta, macho yanang'aa. Kila kitu kinaonekana.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Hakuna kitu kivipi?" akauliza kijana.

## Siyo mtungi

Wiki ya sita sasa. Mtungi haujapatikana na sidhani kama utapatikana. Wiki hiyohiyo nyumba ya tatu kutoka kwetu waling'olewa pampu ya kisima, na mwenyekiti wa mtaa alipoelezwa aliguna, akaandika kwenye daftari lake, basi. Tumenunua mtungi mwingine.

Kinachoniamsha saa tisa za usiku ni ile "basi sawa, kaka, tuangalie".

Nimeigeuza kila upande. Najua hata mwenye kosa anaweza kujikaza akasema hivyo. Lakini nilimwona alivyosimama mbele ya televisheni ile, kidevu mbele, kama mtoto aliyekwenda shuleni kusoma matokeo yaliyobandikwa ukutani. Nilikuwa naziomba zile picha zimkamate. Yeye alikuwa anaziomba zimwachie. Wote wawili tulikuwa tunaisubiri diski moja, na diski ilikuwa imekufa zamani.

Sikumfukuza. Usiku ule sikumwomba radhi pia. Nilisema tu "haya, tukalale". Asubuhi alinifungulia geti nitoke na gari. Miaka miwili amekaa kwetu akiniita kaka, hata mbele ya wageni.

"Shikamoo, bosi," akasema.

## Tk, tk, tk

Jumatatu jioni niliing'oa mashine kabatini. Ilikuwa imebanwa kati ya king'amuzi na stebilaiza, nyuma ya kioo, mahali ambapo hata mimi ningezimia kwa joto. Vumbi lilikuwa limejisokota kwenye matundu ya hewa kama pamba ya mto.

Nilimpigia fundi aliyetufungia kamera. Ni mtu mpole, anaongea kama daktari anayekataa kukuambia ubaya kwenye simu. Akasema nisikimbilie kununua. "Kwanza jaribu waya. Halafu jaribu adapta."

Adapta! Nilishika tumaini hilo kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba hizi adapta za volti 12, ampea 2, zikizeeka zinabaki na nguvu ya kuwasha taa na kuonyesha picha, lakini hazina nguvu ya kuiamsha hadidiski, maana ile injini ndogo ndani yake inataka umeme mwingi pale mwanzo inapoanza kuzunguka. Mashine inaonekana nzima kumbe diski inajaribu kuamka na kushindwa. Nikaazima adapta ya ruta ya jirani, ambayo kwa bahati ni ya volti hizohizo na ina nguvu zaidi. Nikafungua kifuniko, nikachomoa waya wa data, nikaupuliza, nikaurudisha. Nikawasha.

Nikaweka sikio juu ya diski.

Diski nzima ina sauti yake, mvumo mwembamba kama friji ya chumba cha pili. Hii ilivuma sekunde mbili tatu, kisha: tk. Kimya. Tk. Kimya. Tk. Halafu ikakata tamaa, injini ikazima.

Nilirudia mara nne. Ukishasikia sauti ile huhitaji fundi, lakini bado unarudia.

Ile "tk" ni vichwa vya kusomea vinavyokwenda kutafuta alama zao kwenye sahani inayozunguka ndani ya diski, vinazikosa, vinarudi kugonga maegeshoni, vinajaribu tena. Vichwa hivyo havigusi sahani. Vinaelea juu yake kwa upepo wa ule mzunguko, umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Umeme ukikatika, sahani bado zinazunguka kidogo, na diski inatumia mzunguko huo wa mwisho kujitengenezea umeme wa kurudishia vichwa mahali pake. Mtu aliyebuni hilo alikuwa anatufikiria sisi. Nadhani hakufikiria umeme wa masika, unaokatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa kishindo hadi balbu zinageuka buluu, yote ndani ya dakika moja.

Niliichomeka kwenye kompyuta, kwa kutimiza wajibu. Kompyuta haikuiona kabisa. Rafiki mmoja alinishauri niifunge kwenye mfuko wa nailoni niiweke friza usiku kucha. Ushauri huo ni wa miaka mingi na bado unatembea. Ukiitoa friza inatoka jasho, na maji juu ya sahani ndiyo mwisho wa kila kitu. Sikuifanya, ingawa nakiri nililifungua friza nikaangalia kama kuna nafasi.

## Saa 31,412

Kariakoo nilipata hadidiski ya terabaiti moja kwa laki moja na ishirini. Lebo mpya, mfuko wa fedha umefungwa, muuzaji mchangamfu. Nikarudi nyumbani nimeshangilia bei.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, kabla ya kuifunga niliipima kwenye kompyuta. Kila diski inajihesabia yenyewe: imewashwa mara ngapi, imefanya kazi saa ngapi, ina madoa mangapi mabovu. Programu za kusoma hesabu hizo ni za bure. Yangu mpya ilisema imefanya kazi saa 31,412.

Mwaka una saa 8,760. Diski yangu "mpya" ilikuwa imezunguka miaka mitatu na nusu bila kulala, sijui kwenye ofisi gani, sijui ikimwangalia nani.

Nilirudi nayo kesho yake. Muuzaji hakushtuka hata kidogo. "Bosi, huo ni mtumba wa Dubai, bado unadunda." Nikamuuliza mbona mfuko ulikuwa umefungwa. Akasema mfuko ni wa kuzuia vumbi. Nisiwachoshe kwa ubishi wetu. Ulikwisha kwa mimi kuongeza elfu sitini na tano nikapewa diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, ambayo nilimfanya aichomeke kwenye kompyuta ya duka la pili nikiwa nimesimama. Saa sifuri. Imewashwa mara moja: ile.

Kilichonikera njiani ni jinsi nilivyokuwa mkali kwa yule muuzaji baada ya kusoma namba, na hata hivyo nilimpa nafasi ya kujieleza. Nilikuwa na ushahidi mkononi, na bado nilimsikiliza hadi mwisho. Kule uani nilikuwa sina chochote.

## Mwanafunzi wa imla

Niliuliza kwa nini diski ya kamera iwe ghali kuliko ya kompyuta wakati zote ni terabaiti moja. Fundi wangu alinipa jibu ambalo sijalisahau.

Unakumbuka imla? Mwalimu anasoma, mnaandika. Kuna mwanafunzi ambaye akikosa neno moja anaacha kalamu, anamgeukia jirani, "amesema nini?", anafuta, anaandika tena kwa mwandiko mzuri. Anapoinua kichwa, mwalimu yuko sentensi ya tatu. Diski ya kompyuta ndiyo hiyo. Ikikuta doa bovu inasimama kulihangaikia, inasoma tena na tena, kwa sababu kwenye kompyuta neno moja likikosekana faili zima linaweza kuharibika. Mwanafunzi wa pili akikosa neno anaacha pengo, anaendelea. Hiyo ni diski ya kamera. Picha hazisubiri. Bora pengo la nukta moja kuliko dakika nzima kupotea.

Zaidi ya hapo imetengenezwa kuandika usiku na mchana. Aina kama WD Purple hupimwa kwa kuandikiwa terabaiti 180 kwa mwaka, na kwa kamera zetu nne nilipiga hesabu nikapata kama 31 tu. Kwa hiyo haitakufa kwa kazi. Itakufa kwa joto na umeme, kama mwenzake. Nimelitoa boksi kabatini, limekaa juu, peke yake, na limepata betri ya akiba inayolishikilia dakika chache umeme unapochezacheza.

Kuifunga ni kazi ya dakika kumi na tano. Skrubu nne chini, waya wa umeme, waya wa data, funga kifuniko. Nikawasha, mvumo mwembamba ukaja, ukabaki. Kwenye orodha ya diski likatokea jina moja na neno la kwamba haijaandaliwa. Unaichagua, unabonyeza, mashine inakuuliza kama una uhakika kwamba kila kilichomo kifutwe. Hakukuwa na cha kufutwa, bado nilikaa na lile swali kidogo.

Saa ya mashine nayo ilikuwa imepotea, maana ile betri ya sarafu ndani ilishakwisha na mashine ilikaa siku nne bila umeme. Kwa dakika kumi hivi nyumba yetu ilikuwa inarekodiwa tarehe 1 Januari 2000.

Kijana alipita na ndoo ya maji akaona namba zile kwenye televisheni. "Mwaka huo nilikuwa sijazaliwa, bosi," akasema, akaendelea na safari yake.

## Tarehe 19 Machi

Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo, na nimezunguka kwa sababu sipapendi.

Nilitaka kujua diski ilikufa lini. Kwenye mashine huwezi kujua: kumbukumbu za matukio zilikuwa zinaandikwa kwenye diski hiyohiyo. Ilikufa na cheti chake cha kifo. Kwa hiyo nikaanza kukisia. Ilikuwa masika. Kulikuwa na usiku mmoja wa radi, umeme ulicheza hadi tukachomoa kila kitu. Nilimtumia kijana ujumbe siku ya pili kuhusu friji? Nikafungua WhatsApp, nikaanza kupandisha mazungumzo yetu. Picha za risiti za maji. "Kaka, fundi bomba amekuja." "Kaka, luku imebaki uniti 6." Nikafika Machi.

Tarehe 19, saa nne na dakika kumi asubuhi. Ujumbe wa sauti, sekunde tano. Nikaubonyeza.

"Kaka, lile boksi la chini ya tivii linalia."

Nyuma ya sauti yake, wazi kabisa: pip, pip, pip.

Na chini yake, jibu langu, dakika mbili baadaye, nikiwa kazini: "Achana nalo, nitaliangalia jioni."

Nililiangalia jioni. Sasa nakumbuka vizuri sana, na nisingekumbuka kama nisingeusikia ule mlio. Mechi ilikuwa inakaribia kuanza. Nilichuchumaa palepale, nikaingia kwenye menyu, nikakuta ukurasa wa hitilafu: diski imejaa, diski ina tatizo, mtandao umekatika. Pembeni ya kila mstari kuna kiboksi cha kutoa mlio. Sikuuliza boksi linalia kwa sababu gani. Niliondoa tiki zote, nikahifadhi, pip pip ikakoma, nikaenda kukaa.

Miezi minne baadaye nikamwambia aliyenipa taarifa kwamba kamera zimeona kila kitu.

Nilirudia kuusikiliza ule ujumbe mara kadhaa. Sekunde tano. Hata sauti yake haina haraka. Ni sauti ya mtu anayemwambia kaka yake jambo dogo la nyumbani.

## Kidude cha kaseti

Nimekulia nyumba yenye deki. Wenzangu wa umri huu mnakumbuka kaseti za VHS zilivyokuwa na kidude cha plastiki mgongoni. Ukitaka isiandikiwe tena, unakivunja kwa kucha au kisu. Baba alivunja cha kaseti ya harusi ya shangazi siku ileile ilipoletwa na mpiga picha, mbele yetu wote, kwa heshima ya mtu anayesaini hati.

Lakini ukiziba tundu lile kwa selotepu, deki inadanganyika. Baba mdogo alijua hilo. Mpaka leo harusi ya shangazi inakwenda vizuri hadi bibi harusi anaingia ukumbini, vigelegele, keki iko mezani, halafu ghafla inapigwa kona.

Tulilalamika miaka. Angalau kulikuwa na mtu wa kumlalamikia, na selotepu ilikuwa palepale kwenye kaseti, kila mtu anaiona. Ile tiki yangu haionekani popote. Kama kijana asingetuma ule ujumbe wa sauti ningekuwa mpaka leo naulaumu umeme, na ningeulaumu kwa roho safi kabisa.

## Siku kumi na moja

Kuna jambo lingine lililonitesa, la kihesabu. Tuseme diski ingekuwa hai. Ingeniambia nini?

Kamera moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde, kwa siku inakula gigabaiti 21.6. Nne zinakula 86.4. Terabaiti moja inajaa baada ya siku kumi na moja na nusu, kisha mashine inarudi mwanzo na kuandika juu ya picha za zamani. Ukibadilisha mfumo wa kubana picha kwenda H.265 unaweza kupata siku nyingi zaidi, hata karibu mara mbili, na nimeshafanya hivyo. Kwa hesabu ya zamani lakini, siku kumi na moja.

Nikamuuliza mke wangu: ule mtungi wa akiba uliuona mara ya mwisho lini? Akafikiri. "Nilipoingia kuchukua mfuko wa unga… kabla ya Sabasaba? Au baada?" Mimi mwenyewe sijaingia stoo tangu Iddi. Mtungi ungeweza kuwa umeondoka wiki tatu nyuma.

Kwa hiyo hata na diski nzima pengine tungesimama vilevile watatu, tukitazama siku kumi na moja za watoto, paka na nguo kwenye kamba, na mlango wa stoo umefungwa. Na mimi ningeona mlango umefungwa siku kumi na moja halafu ningesema nini? Najijua. Ningesema ameuchukua siku ya kumi na mbili.

Hapo ndipo nilipokwenda kugonga chumbani kwake.

## Kamera ya uani

Sikuwa na hotuba. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, yeye kitandani, nikamchezea ule ujumbe wa sauti. Akausikiliza akiangalia sakafu. Pip, pip, pip.

"Ulinikumbusha," nikasema. "Mimi ndiye nililizima. Na nilikukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, bosi."

Ilikuwa haraka mno, jinsi tunavyosema "yamekwisha" tukitaka mkubwa aondoke. Nikatafuta cha kutoa. Kamera ya uani inaona stoo, lakini inaona pia mlango wa chumba chake. Kila akitoka kwenda kuoga, kila akianika nguo zake za ndani, yumo. Miaka miwili sikuwahi kuliwaza hilo. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na mimi mwenyewe kazini nimewahi kukaa kwenye semina yake, nikanywa chai na kitumbua, nikapewa cheti. Nyumbani kwangu ilikuwa haijafika. Nikamwambia Jumamosi nitapanda ngazi niigeuze kamera ile, iangalie stoo peke yake.

Kwa mara ya kwanza akainua uso.

"Hapana, usiigeuze."

"Kwa nini?"

"Iache ione mlango wangu." Akanyamaza kidogo. "Siku nyingine kitu kikipotea, ionekane mimi nilikuwa nimelala."

Nilikaa kwenye ndoo ile muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kamera haijageuzwa.

Alichoomba kingine ni kuonyeshwa namna ya kufungua ile kalenda. Nikamwonyesha jioni ileile: bonyeza hapa, chagua siku, ikiwa na rangi ujue iko. Tiki nimezirudisha zote. Anaipitia mwenyewe kila Jumamosi, bila kuagizwa, mausi mkononi, amechuchumaa mahali palepale.

## Kioo

Diski ya zamani ilikaa juu ya friji wiki mbili. Wataalamu wa kufufua data walitaja bei ya kununua diski nne mpya, na nilikuwa sina cha kufufua zaidi ya aibu, kwa hiyo nikaachana nalo. Mwanangu wa darasa la tano akaomba tuifungue.

Tulikaa kibarazani watatu, yeye, mimi na kijana. Skrubu ni za nyota, na moja imefichwa chini ya lebo. Bila kujua hilo unaweza kuvunja bisibisi. Kwenye kona kuna sumaku mbili ambazo zimeshikana na kidole changu katikati, nikapiga kelele, wakacheka wote. Na katikati iko sahani.

Sahani moja tu, inatosha kiganjani. Diski ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa sentimita 61, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5. Nilianza kumweleza mtoto hayo nikaona hanisikilizi. Alikuwa anajitazama. Hakuna kioo safi kama sahani ya hadidiski. Hii ilikuwa na duara moja jembamba lililokwaruzwa karibu na ukingo, kama mstari wa bikari, na vumbi jeusi kidogo pembeni yake. Pale ndipo kichwa kilipotua.

Mtoto alichukua sumaku. Kijana akauliza kama sahani ina kazi. Nikasema haina, ni ya alumini, hata ikianguka haivunjiki. Akaipangusa kwa shati, akapitisha uzi wa nailoni kwenye tundu la katikati.

Juzi nilipita uani asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni kwake, kitana mkononi. Ameitundika kwenye msumari, pembeni ya mlango, usawa wa uso.

Nikamuuliza kama kinaonyesha, na lile kovu.

"Kinaonyesha vizuri tu, bosi," akasema, akaendelea kuchana nywele.